Mshauri Wako Amesomea Wapi, na Nani Anamsimamia?

Tulipowaalika wasomaji waulize lolote kuhusu ushauri nasaha na tiba ya mazungumzo, tulitarajia maswali juu ya maradhi. Barua nyingi zilizofika zilimhusu mtu mwenyewe anayetibu: amesoma nini, ametokea wapi, analipwa na nani, na kwa nini mtu mzima amfungulie siri ambazo hata ndugu zake hawazijui. Anayejibu ni mwanasaikolojia mshauri mwenye leseni ambaye amefanya kazi hii Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini. Majina ya walioandika yameondolewa kwa ombi lao.

Mpendwa Mshauri, nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu lakini sijawahi kukuona ukieleza ulianzaje. Je, ulizaliwa na kipaji cha kuwasikiliza watu, au ni kazi uliyosomea? Kabla ya hapo ulikuwa ukifanya nini? (Msomaji, Buruburu)

Kipaji sikuzaliwa nacho. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili upande wa Eastlands, na kama ilivyokuwa desturi wakati ule, mwalimu wa kike aliyeonekana mpole ndiye aliyekabidhiwa kitengo cha ushauri na uelekezaji, awe amekisomea au hakukisomea. Kitengo chenyewe kilikuwa meza moja ndani ya stoo ya vitabu, na dirisha lake lilitazamana na darasa la Kidato cha Pili, hivi kwamba mwanafunzi aliyeingia kunieleza shida ya nyumbani alitazamwa na macho arobaini kabla hajaketi. Ndiyo sababu waliokuja walikuwa wachache, na waliokuja walidai wamefuata kitabu.

Kilichonisukuma kwenda kusoma ni matukio ya nchi zaidi ya mapenzi yangu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa katikati ya jiji hili. Watu zaidi ya 200 waliuawa hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wakiumizwa macho na vioo kwa sababu walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama kishindo cha kwanza kilikuwa cha nini. Miezi iliyofuata ilionyesha wazi kwamba jiji lilikuwa na madaktari wa kushona majeraha lakini lilikuwa na watu wachache mno waliojua namna ya kuketi na mtu ambaye kila mlango ukigongwa kwa nguvu anajitupa chini ya meza. Mwaka wa 1999 serikali ikatangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na kuanzia mwaka wa 2001 vituo vya VCT, yaani vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI, vikaanza kufunguliwa mitaani, kila kimoja kikihitaji washauri. Mwaka huohuo kiboko kikapigwa marufuku shuleni, na walimu wakuu waliozoea kumaliza kila jambo kwa fimbo wakakikumbuka ghafla kitengo cha ushauri, ambacho hawakuwahi kukipa hata kabati lenye kufuli.

Washauri wengi wa umri wangu walipitia mlango huo. Nilisoma stashahada jioni baada ya kazi, nikaacha ualimu, nikaajiriwa katika kituo cha VCT, na baadaye nikarudi chuoni kwa shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri. Kazi ya VCT ilinifunza jambo ambalo sikulipata darasani. Kipimo cha haraka huchukua kama robo saa kutoa jibu, na katika robo saa hiyo mnakuwa wawili ndani ya chumba kidogo, kipimo kikiwa mezani, mwenzako akikitazama kisha akikutazama wewe usoni kuona kama umeshajua. Unajifunza kukaa na mtu aliyenyamaza bila kukijaza kimya chake kwa maneno yako. Mpaka leo, mwanafunzi akiniuliza kazi hii inaanzia wapi, humwambia inaanzia hapo.

Kwako Mshauri. Binti yangu amefanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, na kupata B-. Anasema atasomea saikolojia awe mtabibu wa afya ya akili. Mimi ni fundi wa magari Kirinyaga Road, na nilitarajia achague uuguzi au ualimu, kazi ambazo mtu anajua mwisho wake. Nieleze bila kunificha: njia hiyo ni ya miaka mingapi, na mwishowe binti yangu atakula wapi? (Mzazi, Donholm)

Mzee wangu, una haki ya kuuliza, na nitakujibu kama ambavyo ningetaka fundi anijibu kuhusu injini ya gari langu.

Alama aliyopata inamfungulia mlango, kwa kuwa shahada ya kwanza huhitaji angalau C+. Atasoma miaka minne: namna akili na hisia zinavyokua tangu utotoni, takwimu na utafiti, nadharia za haiba, magonjwa ya akili na jinsi yanavyoainishwa. Vyuo Vikuu vya Nairobi, Kenyatta, Daystar, Tangaza na USIU kule Kasarani ni miongoni mwa vinavyofundisha taaluma hii, na zipo pia taasisi za stashahada kama Amani, ambayo imekuwa ikitoa huduma za ushauri hapa Nairobi tangu mwaka wa 1979. Wazazi wengi hufika kwenye sherehe ya mahafali wakidhani safari imekwisha. Shahada ya kwanza humpa kijana msingi mzuri na humwezesha kufanya kazi nyingi za kusaidia, lakini anayetaka kuketi na wagonjwa wenye matatizo mazito hana budi kuendelea hadi uzamili, ambao kwa hesabu ya chuo ni miaka miwili na kwa hesabu ya maisha mara nyingi ni zaidi, kwa sababu ya tasnifu, karo na mafunzo ya vitendo.

Niruhusu nikae kidogo kwenye mafunzo ya vitendo, maana hapo ndipo mtabibu anapopatikana au kukosekana. Mwanafunzi hupelekwa hospitalini, shuleni, gerezani au katika kituo cha waraibu, akaketi na watu wenye shida za kweli, kisha akarudi kwa msimamizi wake wakapitia mazungumzo hayo hatua kwa hatua. Kuna jambo ambalo hujitokeza kila mwaka kwa sura moja au nyingine. Mwanafunzi anasimulia kwamba mama aliyekuwa mbele yake alianza kulia, naye papo hapo akamsogezea kisanduku cha tishu. Anaeleza hilo akijua amefanya jambo la utu. Humuuliza machozi yale yalikuwa yakimsumbua nani, mama au yeye mwenyewe. Wengi hukaa kimya kwa muda kabla ya kujibu. Tishu ikisogezwa upesi, mtu anayelia huweza kuielewa kuwa ni agizo la kujifuta na kunyamaza, ilhali huenda amezunguka mwaka mzima bila kupata mahali pa kulia. Basi kisanduku kikae mahali ambapo mkono wake unafika, aamue mwenyewe. Hayo hayapimwi kwa mtihani wa karatasi, na ndiyo sababu saa za vitendo zilizosimamiwa huhesabiwa na kutiwa sahihi. Vyuo vingi pia humtaka mwanafunzi naye akakalie kiti cha mteja kwa muda, atibiwe na mtu mwingine, ili asije akayatibu ya kwake kupitia kwa wagonjwa.

Baada ya hapo atajisajili kwa Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2014, na atahitaji leseni yake ili afanye kazi kihalali.

Sasa tuje kwenye chakula. Kazi zipo katika hospitali za umma na za kibinafsi, shule na vyuo, mashirika yanayohudumia wakimbizi, vituo vya kutibu uraibu, makanisa makubwa, na kampuni ambazo siku hizi hulipia wafanyakazi wake ushauri. Nafasi za kudumu ni chache kuliko wahitimu, na wengi huanza kwa mikataba mifupi au kwa kujitolea wakilipwa nauli tu. Anayejitegemea hukodisha chumba kwa saa, mara nyingi Kilimani, Hurlingham au Upper Hill, akitoza kikao kimoja elfu mbili, tatu, wengine zaidi ya elfu tano, lakini asidanganyike na hesabu ya kuzidisha: mteja hughairi, mteja hukwama Jogoo Road, na hakuna mtabibu mwenye akili timamu anayeona watu kumi kwa siku na bado akamsikia wa kumi. Kwa maoni yangu asikimbilie uzamili mara tu baada ya shahada ya kwanza. Afanye kwanza kazi yoyote inayomkutanisha na watu wenye shida, mwaka mmoja au miwili, hata ikiwa ni ya mshahara mdogo. Akiona bado anaitaka kazi hii baada ya kuijua, hapo fedha zako hazitapotea. Na ukiweza, siku moja mpeleke gereji akakutazame unavyomsikiliza mwenye gari anayesema tu kwamba gari "linalia vibaya". Ustadi huo wa kuuliza maswali kabla ya kufungua boneti unakaribiana na wetu kuliko unavyodhani.

Daktari, mimi nachanganyikiwa. Nikisikia huzuni isiyoisha niende kwa mwanasaikolojia, kwa mshauri nasaha au kwa daktari wa magonjwa ya akili? Tofauti yao ni ipi? (Mwanafunzi wa chuo, Juja)

Kwanza mimi si daktari, na usimwite daktari yeyote wa fani yangu kabla hajakuambia amepata cheo hicho kwa njia gani. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu kamili: amesoma udaktari wa kawaida, akafanya mwaka wa mafunzo ya kazini, kisha akabobea kwa miaka mingine katika magonjwa ya akili. Yeye huandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo na hawaandiki dawa. Mwanasaikolojia wa kliniki amefunzwa zaidi kupima na kutambua magonjwa, na mshauri amefunzwa zaidi kufanya kazi na shida za maisha kama misiba, ndoa, uraibu na msongo wa mawazo, ingawa kazi zao huingiliana sana. Wapo pia wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea afya ya akili, ambao katika kaunti nyingi ndio utakaowakuta kwanza.

Kwako wewe, anza na zahanati ya chuo au mshauri wa chuo, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Ikiwa hulali, huli, unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, au unafikiria kujiua, mweleze hivyo waziwazi siku hiyohiyo ili akupeleke kwa daktari. Mshauri mzuri hujulikana pia kwa wepesi wa kusema "hili si langu peke yangu."

Hujambo Mshauri? Pale stejini kwetu kuna bango kwenye nguzo ya stima: "Mshauri wa ndoa na msongo wa mawazo, matokeo siku tatu." Mtandaoni kuna kijana mwenye wafuasi wengi anayejiita kocha wa maisha. Rafiki yangu naye ananisukuma niende kwa mwingine mwenye ofisi Ngong Road na vyeti vitano ukutani. Mimi nitamjuaje wa kweli? (Mama wa watoto wawili, Pipeline)

Wa siku tatu mwache nguzoni, dada yangu. Kocha wa maisha huenda akawa na maneno mazuri, na hakuna ubaya kuyasikiliza ukipika, lakini kocha si mtabibu na sheria haimtambui hivyo. Huyo wa vyeti vitano ndiye anayehitaji kuulizwa maswali, kwa sababu ukuta uliojaa humnyamazisha mteja kabla hajauliza chochote. Baadhi ya vyeti ambavyo watu hutundika ni vya kuhudhuria warsha ya siku mbili. Visome.

Usione haya kumuuliza mtu historia yake ya kazi. Jiji hili lina sababu za zamani za kuuliza. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, ilianza mwaka wa 1910 katika kituo kilichokuwa cha kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilimkabidhi uongozi wake J. C. Carothers, daktari wa kawaida wa serikali ambaye hakuwa amebobea katika magonjwa ya akili. Aliiongoza hadi mwaka wa 1950. Kutokana na aliyoyaona kwa wagonjwa waliofungiwa humo, aliandika kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 1953, akilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ikamtumia kueleza kwa nini Wakikuyu waliingia Mau Mau, kana kwamba mashamba yaliyochukuliwa hayakuwa maelezo ya kutosha. Cheo alikuwa nacho na ofisi alikuwa nayo. Aliyekosekana ni mtu wa juu yake ambaye angemwambia kwamba hitimisho lake limetokana na woga na dharau ya utawala wake kuliko na wagonjwa.

Kwa hiyo mimi ningekushauri uulize mambo matatu kwa simu kabla ya kulipa. Uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia na kama leseni yake ni ya mwaka huu, kisha uhakikishe na Bodi yenyewe. Uliza amefunzwa kutibu kwa njia gani na shida kama yako huishughulikiaje. Si lazima uyaelewe majina ya nadharia, sikiliza tu kama anaweza kukueleza kazi yake kwa lugha unayoielewa. La tatu ndilo ninaloliamini zaidi ya yote: muulize nani anamsimamia kwa sasa.

Watu hushangaa wakisikia kwamba mtabibu mwenye miaka ishirini ya kazi bado ana msimamizi. Mimi ninaye. Huwa ninampelekea kazi yangu bila kutaja majina ya wateja, hasa pale ninapojikuta nimemchoka mtu fulani, au nimempenda kupita kiasi, au nimeanza kusinzia kila anapofika kwenye habari za baba yake. Mambo hayo huingia kazini bila kubisha hodi, na asiye na mtu wa kumwambia ukweli huyafanya kuwa tatizo la mteja. Mshauri akikasirika kwa swali hilo, au akikujibu kwamba yeye anasimamiwa na Mungu pekee, hongera, umeokoa nauli ya kikao cha pili.

Ukishaanza, ondoka bila kuaga ikiwa anakuomba mkopo, anataka mkutane hotelini, anakugusa kwa namna inayokutia wasiwasi, au anatumia saa yako kusimulia ndoa yake mwenyewe. Vikao kwa kawaida ni vya dakika hamsini hivi, na mwishoni mwa viwili au vitatu vya mwanzo unapaswa kuwa umejua mnafanya nini pamoja na kwa nini.

Bwana asifiwe Mshauri. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii mtaani Kawangware na pia kiongozi wa akina mama kanisani. Watu huniletea mizigo yao mlangoni hata usiku: kupigwa, kufiwa, watoto waliopotelea kwenye dawa za kulevya. Sina shahada. Je, ninavunja sheria nikiwasikiliza? (Mama wa kanisa)

Kumsikiliza jirani hakujawahi kuwa kosa, mama, na nchi hii isingelala kama nyinyi mngeacha. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47, na wataalamu tulio nao ni wachache mno kwa idadi hiyo. Jopo la taifa la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili, lilipowasilisha ripoti yake mwaka wa 2020 lilipendekeza hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria inamkataza mtu kujiita mshauri au mwanasaikolojia, kufungua ofisi na kutoza ada bila usajili. Hilo hulifanyi.

Tena upo ushahidi uliotoka hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha mafunzo mafupi ya kuwasaidia watu wenye dhiki kukabiliana na matatizo yao, na yakajaribiwa katika vitongoji vya Nairobi kwa wanawake 518, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Walioyatoa walikuwa wahudumu wa afya ya jamii kama wewe, vikao vitano vya dakika tisini, mara moja kwa wiki: kupumua polepole mwili ukikaza, kuchagua tatizo moja linaloweza kutatuliwa, kurudia shughuli ndogo zilizoachwa, kutafuta watu wa kuegemea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba wanawake waliopitia vikao hivyo walipata nafuu zaidi ya wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Lakini soma vizuri masharti yake. Wahudumu wale walifunzwa kwanza, na waliendelea kusimamiwa na wataalamu muda wote wa kazi. Ukiondoa sehemu hiyo ya pili, unabaki na mwanamke mmoja aliyebebeshwa vilio vya mtaa mzima hadi naye aanze kukosa usingizi.

Basi muombe afisa wa afya wa eneo lako akuunganishe na mshauri wa kituo cha afya, mkutane mara kwa mara, hata kwa kikundi cha wahudumu watano au sita mkiwa mmeketi kwenye benchi nyuma ya zahanati. Weka mpaka wa saa. Anayebisha saa nne usiku bila dharura anaweza kuambiwa kwa upole arudi asubuhi. Na usiwahi kumzuia mtu dawa aliyoandikiwa kwa ajili ya maombi. Omba naye, kisha mkumbushe ameze.

Mtu akikuambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo hilo. Mara nyingi humtua mzigo. Usimwache peke yake, ondoeni dawa za wadudu na chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mumpeleke hospitalini; nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Familia nyingi zilikuwa zikificha jaribio la kujiua zikiogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambie hivyo wanaosita mlangoni.

Mshauri, kampuni yetu hapa Industrial Area imeleta mtabibu ambaye mfanyakazi anaweza kumwona mara sita kwa mwaka bila kulipa. Mke wangu na mimi tumetengana na ninalewa kuliko zamani. Naogopa kwamba nikienda, meneja atajua. Anayemlipa si ndiye mwenye kumwamuru? (Mfanyakazi wa kiwandani)

Hofu yako ina msingi, ndugu yangu, na wengi hukwama hapohapo. Mlipaji ni kampuni, lakini mteja ni wewe. Katika mpango uliopangwa vizuri, kampuni hupokea hesabu tu: wafanyakazi wangapi walihudumiwa na vikao vingapi vilifanyika, bila majina na bila habari za ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, na maadili ya taaluma yetu yalikuwa yakidai siri hiyo hata kabla ya sheria.

Siri ina mipaka, na mtabibu anatakiwa akutajie mipaka hiyo kikao cha kwanza, kabla hujasema neno zito. Ikiwa kuna hatari ya kweli kwamba utajiua au utamdhuru mtu, ikiwa kuna mtoto anayedhulumiwa, au mahakama ikiamuru, huenda akalazimika kusema, naye atasema kiasi kinachohitajika tu. Kutengana na mkeo hakumo humo. Kulewa wikendi hakumo humo. Kuhusu kulewa kazini ukiendesha mashine inayoweza kukata mkono wa mwenzako, muulize moja kwa moja atafanya nini, na usikilize jibu kabla ya kuendelea.

Uliza pia barua za kuthibitisha miadi zinatumwa kwa nani, kumbukumbu zake zinahifadhiwa wapi, na kama unaweza kukutana naye nje ya kiwanda au kwa simu. Chumba kilicho mkabala na ofisi ya wafanyakazi, ambapo kila anayeingia huonekana, ni kizuizi tosha hata kama mtabibu mwenyewe ni mwaminifu. Ukimpata katika chumba kama hicho, mwombe mahali pengine. Ombi hilo ni la kawaida na halihitaji maelezo. Asipokuwa na majibu yaliyonyooka kuhusu barua na kumbukumbu, usianze naye. Nenda hospitali ya umma iliyo karibu nawe na uombe kumwona mshauri wa kitengo cha uraibu, ambako kampuni yako haina mkono.